Kumsaka mbweha asiyeonekana: mchezo wenye elimu kuu

MICHEZO ni mingi duniani, na kila jamii ina ule iupendao. Wapo wakimbizao mpira uwanjani, wapo wachezao bao chini ya mwembe, na wapo washindanao kwa mashua za tanga. Lakini upo mchezo mmoja ambao kwa wengi wetu ni mgeni kabisa, nao ni wa kukifuata kitu kisichoonekana kwa macho, kisichoacha nyayo wala harufu, na ambacho humfunukia yule tu ajuaye kusikiliza. Wachezaji wake huuita msako wa mbweha. Mbweha mwenyewe si mnyama. Ni mtambo mdogo wa redio uliofichwa mahali, unaorusha mawimbi yake hewani huku ukiwangoja wausakao.

Makala haya yanakusudia kuueleza mchezo huo, kisha kutoa hoja kwamba ndani yake mna somo ambalo shule zetu zinalihitaji mno: namna ya kuitafuta kweli pale ambapo kila dalili yaweza kuwa ya uongo.

Wachezaji wake ni wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani watu wa kawaida waliofanya mtihani wa ufundi huo na kupewa leseni na serikali za nchi zao ili warushe na kupokea mawimbi bila kutafuta faida. Wamo walimu, mafundi, madaktari, wakulima na wastaafu. Hata hapa Kenya wapo, na vitambulisho vyao hewani huanza kwa herufi na tarakimu 5Z, ambazo ni fungu la nchi yetu katika mgawo wa kimataifa.

Mahali ambapo msako wa kutumia magari umestawi sana ni kusini mwa jimbo la California, nchini Marekani. Huko jiji kubwa la Los Angeles limezungukwa na milima mirefu, mabonde yenye kona nyingi na jangwa pana, mandhari ambayo kwa mwenye kuficha ni neema na kwa mwenye kutafuta ni mtihani. Baadhi ya wasakaji wamediriki kutoboa mapaa ya magari yao wenyewe ili mlingoti wa antena upite, na mwelekezi aliyeketi ndani aweze kuizungusha huku na huku gari likiwa mwendoni. Kazi hugawanywa: dereva huangalia barabara na kutii sheria zake, naye mwelekezi hushika ramani, dira na redio. Wala ufundi huu si wa kubahatisha. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Joe Moell na Thomas Curlee, walichapisha kitabu kizima kuueleza.

Msako huanza hivi. Magari hukusanyika mahali palipoinuka. Saa iliyoafikiwa inapotimia, mbweha huanza kulia katika masafa yanayojulikana na wote, mara nyingi karibu na megahezi 146, ambapo urefu wa wimbi moja ni takriban mita mbili. Kila gari hupima mwelekeo wake, kisha hushika njia lionayo kuwa bora. Jambo la ajabu ni kwamba, katika misako mingi ya California, mshindi si yule anayefika wa kwanza. Mshindi ni yule ambaye gari lake limekwenda maili chache kuliko mengine. Kwa sababu hiyo, mita za magari husahihishwa kwanza kwa kuyapitisha yote katika kipande cha njia ambacho urefu wake unafahamika, kwani tairi kubwa na tairi dogo hazihesabu mwendo sawasawa. Anayekurupuka na kukanyaga mafuta kabla ya kufikiri hupotea njia, na kila maili ya upotevu huandikwa kwenye hesabu yake. Wahenga walisema kuwa haraka haraka haina baraka. Huko California methali hiyo imegeuzwa kuwa kanuni ya mashindano.

Upo pia msako wa miguu, ambao ulikuzwa huko Ulaya Kaskazini katika miaka ya 1950 na leo una mashindano ya dunia. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1980 katika mji wa Cetniewo, Poland. Humo mitambo mitano hufichwa msituni, kila mmoja ukilia kwa dakika moja kwa zamu, na wakimbiaji huitafuta kwa vipokezi vya mkononi. Hapa miguu na akili hupimwa kwa pamoja.

Sasa na tutazame jinsi mbweha anavyonaswa. Chombo kikuu ni antena yenye mwelekeo, yaani ile inayosikia vyema upande mmoja kuliko pande nyingine. Antena maarufu ya namna hiyo ilibuniwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na habari zake zikachapishwa mwaka 1926. Ni ya jamii moja na zile antena za televisheni zenye vijiti vingi tulizozoea kuziona juu ya mapaa yetu. Mwelekezi huizungusha polepole akitazama sindano ya kipimo. Pale sindano inapopanda juu kabisa, yeye husoma dira, kisha huchora mstari kwenye ramani kutoka pale aliposimama.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Mstari huo haumwambii mbweha yuko wapi. Humwambia tu kwamba yuko mahali fulani juu yake, pengine mtaa wa pili, pengine wilaya ya tano. Ili kujua ni wapi hasa, ni lazima msakaji ahame, asimame pengine, apime upya na kuchora mstari wa pili. Mistari hiyo miwili inapokatana ndipo panapostahili kushukiwa. Na wa tatu ukipita papo hapo, shaka hupungua. Kwa maneno mengine, mstari mmoja ni tetesi, miwili ni hoja, na mitatu ni ushahidi.

Mwalimu wa hisabati naye ana lake hapa. Tuseme mwelekezi amekosea kwa nyuzi 5 tu, kosa ambalo mkono wa mtu waweza kulifanya kwa urahisi. Iwapo mbweha yuko umbali wa kilomita 20, mstari huo utampita kando kwa kilomita 1 na robo tatu hivi. Akiwa umbali wa kilomita 2, utampita kwa mita 175. Akiwa umbali wa mita 200, utampita kwa mita 17 na nusu. Kosa la pembe ni lile lile, ila madhara yake hupungua kadiri tunavyosogea. Mwanafunzi aliyeshindwa kuona faida ya tanjenti darasani ataiona hapa, tena bila kushurutishwa.

Fundisho la pili ni kwamba ukubwa wa sauti si ushahidi wa ukaribu. Mtambo hafifu ulioko kileleni, palipo wazi, waweza kuvuma kuliko mtambo wenye nguvu uliozikwa bondeni umbali mfupi kutoka hapo. Debe tupu haliachi kuvuma, na msakaji anayefuata mvumo peke yake hujikuta katika kilima kisicho na kitu.

Tena kuna antena za namna ya duara, ambazo sifa yake ni ya kushangaza. Upande zinaposikia kwa nguvu hauko bayana. Ukizizungusha kidogo, sauti haibadiliki sana. Lakini upo upande ambapo sauti hufifia ghafla ikakaribia kutoweka, na upande huo hujulikana kwa usahihi mkubwa. Basi wenye kutumia antena hizo hawaitafuti sauti, bali huutafuti ukimya. Mwelekeo wa mbweha huutambua kwa pale anaponyamaza. Kasoro yao ni moja, kwamba ukimya huo hutokea pande mbili zinazokabiliana, na mwelekezi hana budi kupima pengine ili ajue mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Fundisho la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mawimbi ya redio huakisiwa na milima, majengo na mapaa ya mabati, kama vile sauti ya mtu inavyorudishwa na genge. Mwenye kuficha mtambo hulijua hilo vizuri. Hujificha katika korongo, kisha antena yake akaielekeza kwenye mlima ulio mbali. Wasakaji walioko mjini hupima na kuona sindano ikielekea mlimani. Na wale wepesi wa kuamini huufuata mlima huo mpaka chini yake, ndipo wagundue kwamba mawimbi sasa yanatoka upande mwingine kabisa. Mlima haukuwa na mbweha. Ulikuwa ukisema maneno ya mwingine.

Msakaji mzoefu hujikinga vipi? Haamini kipimo kimoja hata kama ni kikali namna gani. Hupima mara nyingi akiwa mahali mbalimbali, hupendelea sehemu zilizo wazi, huandika kila kipimo hata kile kisichompendeza, kisha hutazama ni mistari ipi inayopatana. Mistari ya kweli hukutana mahali pamoja kila ahamapo. Ile ya uongo hutawanyika, ama huyumba, ama hukutana mahali ambapo ukipakaribia hapana kitu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ni lazima mtu aitembee ili aujue mwisho wake.

Na mwisho wa msako nao una hila yake. Msakaji akiwa mita chache kutoka kwa mbweha, mawimbi huwa na nguvu nyingi mno hata kipokezi kikalemewa, sindano ikaganda juu kila upande. Ukaribu huwa upofu. Hapo huhitajika kifaa cha kuyapunguza makali ya mawimbi kabla hayajaingia redioni. Asiye nacho hukumbatia redio yake kifuani na kujizungusha taratibu, mwili wake ukawa ngao. Pale sauti inapofifia zaidi, mbweha yuko nyuma ya mgongo wake.

Huenda msomaji akasema kwamba haya yote ni starehe ya watu waliokwisha kushiba. La hasha. Ujuzi huu umewahi kuamua nani aishi na nani afe.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, majeshi ya Ujerumani yaliyoikalia Ulaya Magharibi yaliutumia kuwasaka wapinzani wao waliokuwa wakipeleka habari kwa siri. Mnamo Desemba 1941, nyumba moja katika jiji la Brussels ilivamiwa baada ya vipimo vya mawimbi kuonyesha kwamba humo mlikuwa na redio ya majasusi wa Kisovieti. Wenye kurusha habari za siri walilazimika kufupisha maneno yao na kuhamahama, kwa maana kila dakika hewani iliwapa wasakaji mstari mwingine kwenye ramani. Upande wa pili, Marekani ilipoingia vitani mwezi huo huo, wapenzi wa redio waliamriwa kuzima mitambo yao. Hata hivyo, wengi wao waliajiriwa na idara ya serikali iliyopewa kazi ya kusaka redio za maadui, nao wakaifanya kwa ujuzi waliokuwa wameupata kwa ridhaa yao. Yafaa tukiri basi kwamba chombo hiki hakina dini. Humtumikia yeyote akishikaye.

Lakini katika siku za amani kimeokoa watu. Mnamo Oktoba 1972, ndege ndogo iliyowabeba wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, pamoja na watu wengine wawili, ilitoweka katika jimbo la Alaska. Msako wa siku 39 haukuambulia kitu, na hadi leo haijapatikana. Hakuna mlio wowote wa dharura uliosikika kutoka kwake. Msiba huo uliwafumbua watu macho kuhusu umuhimu wa ndege kubeba mitambo inayolia yenyewe pindi zinapoanguka. Miaka kumi baadaye, Septemba 1982, setilaiti ya mpango wa kimataifa ulioasisiwa na Kanada, Marekani, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti iliusikia mlio wa ndege iliyoanguka Kanada, na watu watatu wakaokolewa.

Tangu tarehe 1 Februari 2009, setilaiti hizo hazisikilizi tena mitambo ya kale ya megahezi 121.5, husikiliza ile ya megahezi 406. Hata hivyo, mitambo mingi mipya bado hutoa pia mlio hafifu wa 121.5, kwa sababu setilaiti huwafikisha waokoaji karibu na mahali penyewe, na hatua za mwisho ndani ya msitu au theluji hufanywa na binadamu mwenye kipokezi mkononi, akizunguka na kusikiliza. Huko Marekani wapo watu wa kujitolea wafanyao kazi hiyo. Mara nyingi hugundua kwamba mtambo umelia kwa ajali tu, ndege ikiwa imetulia ndani ya banda lake. Lakini hawana haki ya kudhani hivyo kabla ya kufika.

Wala si lazima twende mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Iain Douglas-Hamilton aliwafuata ndovu wa Ziwa Manyara, Tanzania, kwa kuwafunga kola zenye redio. Katika mbuga ya Serengeti, watafiti wa simba wamekuwa wakiendesha magari yenye antena tangu miaka ya 1980, wakipanda juu ya majabali ili wausikie mlio wa kola ya simba mmoja, na kwa huyo mmoja wakaipata familia nzima. Leo kola nyingi hutuma habari zake kwa setilaiti, lakini mbinu ile ya kale haijatupwa. Mbinu hiyo na ya wale wa California ni moja, ila mbweha wa Serengeti ana meno.

Kuna watakaouliza: je, siku hizi ambapo kila simu humwambia mtu mahali alipo, ufundi huu una haja gani? Jibu ni kwamba simu hukuambia ulipo wewe. Haikuambii alipo mwingine asiyeweza kusema, au asiyetaka kusema. Rubani aliyezimia hawezi kutaja alipo. Mhuni anayeyavuruga masafa ya dharura hataki kutaja alipo. Hao wawili hupatikana kwa mtu kupima, kuhama na kupima tena.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Vijana wetu hufundishwa kwamba mawimbi huakisiwa. Hulikariri neno hilo, huliandika katika karatasi ya mtihani, hupewa alama, kisha hulisahau. Hufundishwa pembe na dira katika jiografia, na tanjenti katika hisabati, kila somo likiwa na ukuta wake. Ni wachache waliowahi kudanganywa na mwakisiko, wakaona hasara yake, na wakautafuta ukweli kwa miguu yao. Mtaala wa umilisi unasisitiza kutenda kuliko kukariri. Basi na tutende.

Najua kilio cha fedha kitatangulia. Mtambo wa kurusha mawimbi si jambo la kuchezea. Sheria zetu zinadai leseni, na shule itakayotaka kuficha mbweha itafute mwenye leseni awe mshirika wake. Lakini wasakaji hawarushi chochote, husikiliza tu. Antena nzuri ya kazi hii hutengenezwa kwa vipande vya futi ya chuma ya fundi na mabomba ya plastiki ya maji.

Hata shule isiyo na kipokezi cha namna hiyo haijakosa pa kuanzia. Redio ya kawaida yenye masafa ya kati, ile ya babu iliyotupwa kabatini, ina kijiti cheusi ndani yake ambacho ndicho antena. Mahali ambapo kituo cha masafa hayo kinasikika, mwanafunzi aishike redio ikiwa imelala, aizungushe taratibu, na atasikia sauti ikififia. Wakati huo ncha ya kijiti huwa imeelekea kituoni, au upande ulio kinyume chake. Zoezi hili lifanywe mchana, kwa kuwa usiku mawimbi hurejeshwa kutoka angani na kuuvuruga mwelekeo. Hilo nalo ni somo.

Sasa tuchukue shule mbili zilizo umbali wa kilomita 20. Kila moja ipime mwelekeo wa kituo kile kile, ichore mstari wake, na mwalimu ampigie simu mwalimu mwenzake. Hakuna shule kati ya hizo mbili inayoweza kukipata kituo peke yake, hata ikiwa na wanafunzi hodari namna gani. Kila moja ina nusu ya jawabu, na nusu hizo haziungani mpaka watu waambiane ukweli wa walichokipima, si kile walichotamani kukipima. Mistari ikikutana penye mlingoti, wamefaulu. Isipokutana, kuna aliyekosea au kuna mlima uliosema uongo, na darasa la kesho lina kazi ya kufanya.

Tunaishi katika zama ambapo habari hutufikia kutoka kila upande, nyingi zikiwa zimeakisiwa na vilima ambavyo hatuvijui. Kijana aliyezoea kuuliza “nimepima kutoka wapi, na mwingine aliyesimama pengine amepima nini?” hatapotoshwa kwa urahisi na mvumo wa kwanza umfikiao. Shule zikishamjengea mazoea hayo, hata akimkosa mbweha si neno.